Joto la nyumba Uingereza: pesa yako inaishia wapi majira ya baridi

Ofgem, mamlaka inayosimamia soko la gesi na umeme nchini Uingereza, inapotangaza bei mpya, redio na magazeti hutaja tarakimu moja tu. Kwa miezi ya Januari hadi Machi 2026 tarakimu hiyo ilikuwa pauni 1,758 kwa mwaka. Wengi wetu tukiisikia tunaelewa kwamba bili imewekewa ukomo, kwamba hata redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto, zikiwaka usiku kucha hakuna atakayekudai zaidi ya hapo. Imani hiyo imewaingiza watu kwenye madeni.

Ukomo uliowekwa ni wa bei, bili haina ukomo. Ofgem inapanga bei ya juu kabisa ambayo kampuni inaweza kutoza kwa uniti moja, yaani kilowati moja kwa saa moja, pamoja na tozo ya kila siku. Ile pauni 1,758 ni hesabu ya nyumba ya mfano inayotumia uniti 2,700 za umeme na uniti 11,500 za gesi kwa mwaka. Familia ya watu saba kwenye nyumba ya zamani inaweza kuzipita kwa mbali uniti hizo, na italipa kwa kadiri ilivyotumia. Mtu anayeishi peke yake kwenye fleti ndogo atalipa pungufu. Utaratibu huu ulianza Januari 2019, unahusu England, Scotland na Wales, na unamlinda mteja ambaye hakufunga mkataba wa bei maalumu. Siku hizi bei hupitiwa kila miezi mitatu, kwa hiyo kinachosemwa mwezi Oktoba huenda kisiwe kweli mwezi Januari.

Waliokuwapo hapa miaka michache iliyopita wanakumbuka bei hiyo inaweza kuruka kiasi gani. Majira ya baridi ya 2021 ukomo wa nyumba ya mfano ulikuwa pauni 1,277. Kufikia Januari 2023, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na gesi kuadimika Ulaya, ulikuwa umefika pauni 4,279, na serikali ikalazimika kubeba sehemu ya mzigo ili nyumba ya mfano isilipe zaidi ya pauni 2,500. Bei imeshuka tangu wakati huo, lakini haijarudi ilikokuwa.

Sasa tuishike bili yenyewe. Ina vitu viwili vinavyochanganywa kila siku: tozo ya kila siku na bei ya uniti. Tozo hulipwa hata kama hukuwasha taa. Mwanzoni mwa 2026 ilikuwa kama peni 55 kwa siku upande wa umeme na peni 35 upande wa gesi, ingawa hutofautiana kidogo kwa eneo. Ukijumlisha ni peni 90 kwa siku, zaidi ya pauni 300 kwa mwaka, kabla hujachemsha hata maji ya chai. Ndiyo maana anayejibana na kupunguza matumizi kwa nusu haoni bili ikishuka kwa nusu, akadhani ameibiwa.

Tozo hii huwaumiza zaidi wenye mita za kulipia kabla. Aliyetoka Tanzania anaijua LUKU, na anajua kwamba tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo, hivyo ukinunua umeme baada ya kukaa muda mrefu unapata uniti chache kuliko ulizotarajia. Mita ya gesi ya hapa hufanya jambo linalofanana na hilo. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna anayewasha redieta, na wengi huacha kuongeza pesa. Mita inaendelea kuhesabu peni 35 kila siku. Oktoba baridi inapobisha hodi unaweka pauni 20, na mita inaanza kujilipa deni lake. Katika miezi mitano linaweza kufika pauni 50. Ni afadhali kuweka pauni tatu kila wiki wakati wa kiangazi, hata kama jiko ni la umeme na gesi haikugusi.

Anayelipa kwa makato ya benki ana mkanganyiko wa aina nyingine. Kampuni hukadiria matumizi ya mwaka mzima, ikayagawa kwa 12, ikakata kiasi kile kile kila mwezi. Wakati wa joto pesa yako inalundikana kwao, wakati wa baridi inaliwa. Kuona salio la pauni 150 mwezi Septemba si bahati, na kulidai lirudishwe lote ni kujitafutia deni la Februari. Linalopaswa kukushtua ni makadirio yenyewe. Kama bili inaonyesha kwamba namba ya mita ilikadiriwa, kampuni inabahatisha. Piga picha ya mita kila mwezi na uitume. Siku ya kuhamia nyumba mpya, piga picha kabla hujafungua mabegi, kwa sababu deni la mpangaji aliyetangulia linaweza kukusubiri ndani ya mita ya kulipia kabla, na si lako. Ipo pia kanuni ambayo wengi hawaijui: kama kampuni ilikosea yenyewe ikashindwa kukutumia bili sahihi, haiwezi kukudai gesi au umeme uliotumika zaidi ya miezi 12 iliyopita. Kanuni hiyo ipo tangu 2018, na inafaa kutajwa kwenye simu kwa sauti ya utulivu.

Mita ya gesi inapotosha kwa njia nyingine tena, kwani haihesabu uniti. Inahesabu mita za ujazo za gesi, na kila moja ni sawa na uniti 11 hivi. Mita za zamani huhesabu futi za ujazo kwa mamia, ambapo hatua moja ni sawa na karibu uniti 31. Kampuni ikiiandikisha mita ya aina ya pili kama ya kwanza, au kinyume chake, bili inapotoka karibu mara tatu. Angalia alama iliyo kwenye uso wa mita, kisha ulinganishe na kilichoandikwa kwenye bili.

Baada ya bili inakuja bei, na hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Uniti ya umeme mwanzoni mwa 2026 ilikuwa karibu peni 28. Uniti ya gesi ilikuwa karibu peni 6. Boila nzuri, yaani mashine inayochoma gesi ili kupasha maji ya redieta, hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya gesi kupitia bomba la moshi, kwa hiyo joto la uniti moja kutoka kwenye gesi linakugharimu chini ya peni 7. Joto lile lile kutoka kwenye hita ya umeme ni peni 28. Tofauti ni zaidi ya mara nne.

Kwa bei hizo, chukua hita ya kawaida ya wati 2,000. Ikiwaka mfululizo saa tano kila jioni inakula uniti 10, yaani pauni 2.80, na kwa mwezi ni pauni 84. Haijalishi ni ya feni, ya mafuta au ya paneli inayotangazwa mtandaoni kwamba ina teknolojia mpya. Hita zote za umeme za namna hii zinageuza uniti moja kuwa joto la uniti moja, na tangazo linalodai zaidi ya hapo ni la uongo. Chombo pekee cha umeme kinachovuka mstari huo ni pampu ya joto, ambayo huvuta joto lililopo kwenye hewa ya nje na kulileta ndani, kwa hiyo uniti moja ya umeme inaweza kuleta joto la uniti tatu. Hiyo hufungwa na fundi kwa maelfu ya pauni. Haiuzwi dukani kwa pauni 40.

Sasa utaona kwa nini ule ushauri wa “zima boila, washa hita kwenye chumba kimoja” mara nyingi humtia mtu hasara. Hita hiyo ikiwaka kwa saa moja inakula peni 56. Kwa peni hizo hizo boila ingetoa joto la uniti 8, linalotosha vyumba kadhaa. Kama nyumba ina gesi, njia ya kupasha chumba kimoja ni kufunga vidhibiti vya redieta za vyumba visivyo na watu, ukiviacha kwenye alama ya chini, kisha ufunge milango yake. Hita ya umeme ina nafasi yake pale mtu mmoja anapohitaji joto kwa nusu saa tu. Na kama shida ni mwili wa mtu, si chumba, blanketi la umeme la wati 100 linakula chini ya peni 3 kwa saa. Kwa bibi anayekaa kwenye kiti mchana kutwa, blanketi hilo na soksi nzito ni msaada mkubwa, ilimradi chumba chenyewe kisiachwe kipoe kabisa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini salama ndani ya nyumba, na wazee, watoto wachanga na wagonjwa huhitaji zaidi kidogo.

Wanaoishi kwenye fleti zisizo na gesi wana hesabu yao. Mara nyingi ukutani kuna hita nzito zenye matofali ndani, zinazojaa joto usiku na kulitoa mchana, pamoja na mpango wa bei unaoitwa Economy 7, wenye saa saba za bei nafuu usiku. Ukiwa na mpango huo halafu ukawasha hita ya kawaida saa kumi na moja jioni, unanunua umeme kwa bei ya mchana, ambayo ni ya juu kuliko ya wateja wengine. Na kama hita za usiku hazifanyi kazi, mpango huo unakuumiza tu. Piga simu ubadilishiwe.

Turudi kwa wenye boila. Themostati, kidhibiti cha joto la nyumba, haifanyi kazi kama bomba la maji. Kuipeleka nyuzi 28 hakuharakishi joto. Boila inawaka kwa nguvu ile ile, ila haitasimama kwenye 20, itaendelea mpaka ufungue madirisha kwa fukuto. Na lile swali linalobishaniwa kila mwaka, kwamba ni nafuu kuiacha ikiwaka kidogo kidogo siku nzima kuliko kuizima na kuiwasha, lina jibu. Joto hutoka nyumbani kwa kadiri ya tofauti kati ya ndani na nje. Nyumba iliyopoa wakati wewe uko kazini inapoteza joto kidogo kuliko nyumba iliyobaki na nyuzi 20, na gesi ya kuirudisha jioni ni pungufu ya ile ambayo ingeteketea mchana kutwa. Kwa boila ya gesi, tumia saa ya kujiwasha: iwake nusu saa kabla hamjaamka, izime mkiondoka, iwake tena kabla ya watoto kurudi kutoka shule. Pampu ya joto ndiyo hupendelea kwenda polepole bila kusimama.

Kanuni hiyo hiyo ya tofauti inakuonyesha thamani ya nyuzi moja. Nje pakiwa na nyuzi 6 na ndani 20, tofauti ni 14. Ukishusha hadi 19 umepunguza sehemu moja ya kumi na nne, karibu asilimia 7. Kama gesi ya joto ni pauni 100 kwa mwezi, hizo ni pauni 7 kwa kugusa kitufe.

Kuna kitufe kingine ambacho watu wachache hukigusa, nacho kipo kwenye boila yenyewe. Kinapanga joto la maji yanayokwenda kwenye redieta. Boila za kisasa, ambazo kwa England na Wales zilikuwa lazima tangu 2005, zimeundwa ili zinyonye hata joto lililomo kwenye mvuke wa moshi wake. Hilo linawezekana tu kama maji yanarudi kwenye boila yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Mafundi wengi huziacha zikipeleka maji ya nyuzi 75 au 80, na faida yote hupotea hewani. Ishushe hadi 60. Redieta zitakuwa za uvuguvugu na chumba kitachelewa kidogo kupata joto, lakini gesi itapungua. Tahadhari moja: kama nyumba ina tangi la maji moto, maji ya tangi yabaki nyuzi 60 au zaidi, kwa sababu bakteria wa lejionela huzaliana kwenye maji ya uvuguvugu.

Yote hayo ni ya kitufe. Kuta ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya nyumba ambazo familia zetu zinapanga, zile za safu za matofali mekundu zilizojengwa enzi za Malkia Victoria, zina ukuta mmoja mzito usio na uwazi katikati wa kujazwa kihami joto. Mpangaji hawezi kuzibadilisha. Anachoweza ni kuziba upepo chini ya mlango, kufunga mapazia jua linapozama bila kufunika redieta, na kusogeza kochi lililobanana nayo. Anaweza pia kudai cheti cha nishati cha nyumba, chenye herufi A hadi G, kabla ya kusaini mkataba. England na Wales, nyumba ya kupangisha iliyo chini ya E hairuhusiwi isipokuwa imesajiliwa kwa msamaha maalumu. Tofauti ya kodi ya pauni 40 kwa mwezi kati ya nyumba ya E na ya C inaweza kumezwa yote na gesi.

Halafu kuna unyevu, jambo ambalo sisi tuliokulia pwani hutushinda kulielewa. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa, unyevu hutoka nje, kwa hiyo ukuta ukitoa kuvu silika yake ni kufunga dirisha. Hapa ni kinyume. Hewa ya nje yenye nyuzi 5, hata mvua ikinyesha, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 20, inaweza kubeba gramu 17. Kwa maneno mengine, hewa hiyo ya mvua ikishapata joto ni kavu na ina kiu. Unyevu unaoota kuvu unatoka kwetu: pumzi, maji ya kuoga, sufuria ya maharage inayochemka saa mbili bila kifuniko, na nguo zilizoanikwa juu ya redieta, ambazo fungu moja tu hutoa kama lita mbili. Mvuke huo hutafuta mahali penye ubaridi zaidi, pembe ya ukuta nyuma ya kabati, ukageuka maji. Kwa hiyo funika sufuria, washa feni ya jikoni na bafuni, anika nguo chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa na dirisha wazi kidogo, na asubuhi fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika kumi huku boila imezimwa. Kuta hazipoi kwa dakika kumi. Kinachobadilika ni hewa, na hewa mpya hupashwa kwa gesi kidogo.

Lakini nisieleweke vibaya. Wapangaji wengi wamelaumiwa kwa upishi wao na uogaji wao wakati nyumba yenyewe ni mbovu. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki mjini Rochdale kwa sababu ya kuvu iliyojaa kwenye fleti ya shirika la nyumba. Wazazi wake, waliotoka Sudan, walikuwa wamelalamika mara kwa mara, na wakati mmoja waliambiwa wapake rangi juu yake. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kutumika England Oktoba 2025: mwenye nyumba za kijamii lazima ashughulikie hatari ya dharura ndani ya saa 24, na achunguze kuvu na unyevu wenye madhara makubwa ndani ya siku 10 za kazi. Kama uko kwenye nyumba ya halmashauri au ya shirika la nyumba, lalamika kwa maandishi, weka tarehe na picha.

Jambo moja halina mjadala. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa ajili ya joto, hata kwa dakika chache, hata dirisha likiwa wazi. Habari za familia zilizolala na jiko chumbani tunazijua kutoka Njombe na Mbeya. Februari 2021, umeme ulipokatika Texas kwa theluji, watu walikufa vivyo hivyo baada ya kuwasha mkaa na jenereta majumbani. Nyumba za hapa zimezibwa zaidi kuliko zetu, na gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Boila mbovu huitoa pia. Mwenye nyumba analazimika kuhakikisha inakaguliwa kila mwaka na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na England lazima aweke king'ora cha gesi hiyo kwenye chumba chenye boila. Ukisikia harufu ya ile gesi ya kuwashia boila, au king'ora kikilia, toka nje na upige 0800 111 999.

Kuhusu msaada, mgawanyiko mkubwa ni wa viza. Mwenye haki ya ruzuku za serikali, na anayepokea ruzuku ya kipato cha chini, hupata Warm Home Discount, pauni 150 zinazopunguzwa kwenye bili mara moja kila majira ya baridi. Cha kuzingatia ni kwamba jina lake au la mwenza wake lazima liwe kwenye bili. Familia nyingi hupoteza pesa hizo kwa sababu bili iko kwa jina la shemeji. Pia England na Wales kuna pauni 25 kwa kila siku saba mfululizo ambazo wastani wa joto ni sifuri au chini yake, kati ya Novemba 1 na Machi 31, kwa baadhi ya wanaopokea ruzuku. Wazee waliofikia umri wa pensheni wana posho yao ya pauni 200 au 300, ikiwa kipato hakizidi pauni 35,000 kwa mwaka.

Aliyeandikiwa kwenye viza kwamba haruhusiwi kutumia fedha za umma asiombe ruzuku hizo, kwani zinaweza kumharibia uhamiaji. Ila hofu hiyo imewafanya wengi wanyamaze hata pale wanapokuwa na haki kamili. Mpango wa kulipa deni kidogo kidogo kulingana na uwezo ni wajibu wa kampuni kwa mteja yeyote, na hauhusiani na viza. Orodha ya wateja wa kipaumbele, kwa wazee, wagonjwa, wajawazito na wenye watoto wadogo, ni ya bure kwa wote. Misaada ya mifuko ya hisani, kama ule wa British Gas Energy Trust, haihesabiwi kuwa fedha za umma. Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri wa bure, hawatakuuliza pasipoti ili wakusaidie kuisoma bili.

Na aliyepanga chumba kwenye nyumba ya watu wengi, akamlipa mwenye nyumba pesa ya umeme mkononi, ana haki ya kuiona bili: mwenye nyumba haruhusiwi kumuuzia uniti kwa bei iliyozidi aliyoinunulia yeye.